Baba Mkwe na Riwaya za Miaka Ijayo

Niliolewa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, na tangu siku hiyo sikuwahi kukaa chumba kimoja na baba mzaa mume wangu. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu wengi wa wanaonisoma si watu wa huku kwetu, na asiyelijua hataelewa kwa nini mwezi Juni wa mwaka 2023 ulinichosha kuliko miezi mingine yote ya ujane wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, katika familia ya wakulima wa Kilutheri ambao kwao mkwe husalimiwa kwa adabu, kisha kila mtu akaendelea na jembe lake. Mume wangu alikuwa Mnyakyusa. Kwao mke wa mtoto humkwepa baba wa mume kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwetu: hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake, na akimwona mbele yake njiani huiacha njia, akaingia migombani mpaka apite. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume, ndiye aliyenifundisha hayo kabla ya harusi, akanionyesha hata namna ya kujitanda khanga kichwani endapo nitakutwa mahali pasipo na pa kukimbilia.

Wanawake wa mjini hucheka nikiwasimulia. Mimi sikucheka, maana niliona mapema kwamba desturi ile ilimfunga na yeye. Mzee alipaswa kunipa nafasi. Kila alipoikaribia nyumba alikohoa mara mbili, kikohozi kifupi na kikavu, kisha akasimama. Hakuwa mgonjwa, alikuwa akibisha hodi kwa koo. Tulipokisikia, sisi wake wa wanawe tuliviacha vyungu jikoni tukatokea mlango wa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyomjua: kikohozi, na mgongo wa koti la kijivu uliokuwa ukiishia ndani ya ukungu. Uso wake niliujua kwa picha iliyotundikwa sebuleni kwetu Ilomba, mjini Mbeya, na humo alikuwa bado kijana.

Mume wangu, fundi wa magari, alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 2017. Baada ya matanga ukoo uliketi kijijini kwao, upande wa Rungwe, ukaamua nirudi shambani na nyumba ya Ilomba ipangishwe. Mimi sikuwa chumbani. Mzee alikuwemo, kwa hiyo nilikaa nje, nyuma ya ukuta, na wifi alikuwa akipita mlangoni kuniletea maneno yao na kuyachukua yangu. Nilimwambia awaambie kwamba nyumba ile niliijenga pamoja na mtoto wao, kwamba matofali yake niliyabeba kwa mikono yangu, na kwamba sitahama. Sikuiteremsha sauti. Najua ilipenya ukutani kabla wifi hajafika mlangoni. Kisha nikasikia kikohozi, mara mbili, na hatua zake zikitoka upande wa mbele.

Tangu siku hiyo hakuniletea neno. Salamu zake za Krismasi, ambazo mume wangu alikuwa akinifikishia kila mwaka, zilikoma, ingawa wifi angeweza kuzileta. Ndugu wengine walisema wazi kwamba nina kiburi, na hilo sikulikana wala silikani leo. Lakini ya mzee sikuyajua. Huenda alinikasirikia, huenda aliona nimesema haki yangu, na hapakuwa na njia ya kumuuliza, kwa sababu hata alipokuwa ananipenda hatukuwahi kuzungumza.

Vitabu vilinijia kwa kuchelewa, kama shule yenyewe. Niliishia darasa la saba mwaka 1987 nikaolewa miaka saba baadaye, na ni mwezi Januari 2010 nilipoingia darasa la jioni la watu wazima hapa Mbeya, nikikaa benchi moja na wasichana waliostahili kuwa wanangu. Kidato cha nne nilikifanyia mtihani Novemba 2013. Kiingereza changu ni cha kamusi: ninakiendea polepole lakini sikosei njia. Mume wangu alizoea kuniletea riwaya za mitumba kutoka soko la Mwanjelwa, akizichagua kwa jalada. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakusoma, nilimsimulia. Alipokufa, nilibaki na masimulizi yasiyo na wa kuyapokea.

Ndiyo sababu ya kundi letu la simu, lililoanza Jumapili, tarehe 6 Mei 2018. Tulikuwa wachache: mwalimu mstaafu wa Iringa mjini, muuguzi wa Makongolosi, mama mmoja anayeuza mbegu Mbalizi, na wengine waliojiunga kwa kuambizana. Kila Jumapili baada ya ibada nilituma ujumbe wa sauti nikihakiki riwaya moja. Nilichagua aina tatu tu: za kihistoria, za ajabu zenye falme zisizokuwepo katika ramani yoyote, na za kisayansi, ambazo sisi tuliziita za miaka ijayo. Za mapenzi nilizikataa, nikisema mimi ni mjane na muda wangu si mwingi. Kitabu kilichohakikiwa kilifungwa kwenye kiroba, kikakabidhiwa kondakta wa basi, kikazunguka kwa zamu.

Nilikuwa mhakiki mkali. Mwandishi mmoja aliweka vita vyake Uhehe, akawafanya mashujaa wake wajifiche katika shamba la mahindi yaliyokomaa, na mwezi ni Januari. Nikasema mwandishi huyu hajawahi kulima Iringa, maana Januari mahindi yetu yako magotini na shujaa aliyejificha humo angeonekana mpaka mkanda. Mwalimu mstaafu alinijibu kwamba mtunzi ana uhuru wake.

"Uhuru anao," nikamjibu. "Mahindi ndiyo hayana."

Sheria ya kundi ilikuwa moja: mwisho wa riwaya hausemwi. Niliitunga mwenyewe na niliilinda kama mtu anavyolinda mpaka wa shamba. Mwaka 2020 mwalimu huyo huyo, kwa furaha tu, alitoboa nani aliyemtilia malkia sumu katika riwaya ya ajabu ambayo wenzake walikuwa bado kwenye foleni ya kuisoma. Nilimtoza faini mbele ya watu wote, yaani kutafuta kitabu kimoja na kukitia kwenye mzunguko. Alikitafuta, kikaja hakina jalada, naye akaninunia mpaka mvua za masika.

Mwezi Machi 2021 wifi yangu aliomba kuingizwa kundini. Nilishangaa, kwa sababu wifi hasomi. Darasa la pili ndilo lililomtosha. Nikaamini kwamba ukoo umemtuma asikilize kama mjane wao amepata mwanamume, au anauza nyumba. Nilimwingiza makusudi. Jumapili iliyofuata nilihakiki kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote, ili wasiwe na la kupeleka.

Alikuja kunitembelea Agosti mwaka uliofuata, na mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tulipomaliza salamu, akaniuliza kuhusu riwaya niliyoihakiki wiki ile, kama yule mlinzi wa lango alifungua au hakufungua.

"Nani anauliza?"

"Si mimi."

"Wewe unasinzia hata kwenye mahubiri ya Pasaka, wifi. Nani anauliza?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mzee sasa haoni, na redio yake iliharibika. Siku moja yeye alikuwa akisikiliza ujumbe wangu uani, mzee akauliza ni sauti ya nani. Akamwambia. Aliogopa kwamba mzee atanyanyuka aondoke. Mzee akatoa hukumu yake: "Hasemi na mimi. Anasema na watu wake. Mimi nimekaa jirani tu."

Tangu hapo kila Jumapili wifi alimpelekea simu kibarazani. Na kila Jumapili, kabla haijafunguliwa, mzee alikohoa mara mbili na kusubiri, kama alivyokuwa akisubiri njiani ili niingie migombani.

"Anasubiri nini?" niliuliza.

"Anakupa nafasi uondoke. Halafu ananiambia: 'Hajakimbia. Mfungulie.'"

Nilikwenda jikoni kutafuta bakuli la maziwa, nikakaa huko muda mrefu kuliko bakuli lilivyohitaji.

Baada ya siku ile nilirekodi kwa namna nyingine, ingawa nadhani hakuna msomaji aliyetambua. Maoni ya mzee yalinifikia kupitia kwa wifi. Riwaya za kihistoria hakuzithamini, akisema mambo mengine aliyashuhudia na hayakuwa na maneno mengi kiasi hicho. Za ajabu alizivumilia, ila wachawi wake aliwaona wavivu. Alichokipenda ni miaka ijayo. Mtu yule aliyekuwa amezika mke na watoto wanne alitaka kujua watu watakaokaa kwenye nyota watakula nini, watachunga nini, na siku moja akauliza kama huko mbele watu bado wanazikana. Jumapili iliyofuata nilisema kundini kwamba kuna msomaji mmoja ameuliza swali zuri, nikalijibu mbele ya wote kwa kadiri ya vitabu nilivyosoma: katika vingi wanachomwa, katika baadhi wanatupwa angani, na waandishi wachache tu ndio wanaokumbuka matanga. Wifi alisema mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kuhusu ukuta, nyumba na maneno yangu ya mwaka 2017, hakuuliza, na mimi sikupata njia ya kuyaweka ndani ya uhakiki.

Mwezi Mei 2023 mwalimu wa Iringa alituma kitabu cha Kiingereza alichokiokota kwenye meza ya mitumba. Nilikipitia kwa kamusi mpaka Juni. Kilikuwa cha miaka ijayo: binti anaondoka duniani na safari ya walowezi, baba anabaki. Umbali ni mkubwa kiasi kwamba sauti ya baba inasafiri miaka mingi kabla ya kumfikia. Siku inapofika, binti amekwisha kuwa mzee, na baba, kwa hesabu yoyote, amekwisha kufa. Wanamwita katika chumba cha kusikilizia. Anaingia, anafunga mlango.

Hapo ndipo nilipokatiza uhakiki wangu wa Jumapili, tarehe 11 Juni. Nikasema alichosikia binti kimo kitabuni, someni, na kitabu nikakituma Makongolosi kwa muuguzi, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Wa pili alikuwa mama wa mbegu wa Mbalizi, ambaye alikuwa amekisubiri tangu alipoona picha ya jalada.

Jumanne wifi alinipigia. Mzee hakuwa akila tena, na maziwa alikuwa akiyarudisha. Daktari alikuwa ameshawaambia wamkalishe nyumbani. Akili yake ilikuwa nzima, na jambo analolisema ni moja: yule binti alisikia nini?

Nilimsimulia wifi mwisho wote kwenye simu, akaenda kumwambia. Baada ya muda akanipigia tena, amechoka. Mzee alikuwa amemkatiza katikati. "Unasimulia kama mtu anayenadi samaki," alimwambia. "Nataka alivyolisema yeye."

Nikasema basi nitarekodi niutume kwenye simu yake. Wifi alikuwa amekwisha kumuuliza hilo. Mzee alikataa. Ujumbe unaokuja kwa wifi peke yake, alisema, na wifi hana haja nao, huo umekuja kwake yeye mzee. Na mke wa mwanawe hawezi kusema naye akiwa amelala kitandani, hajavaa hata koti. Kama nitasema, niseme na watu wangu. Yeye atakaa jirani.

Nilimwelewa. Sidhani kama mtu wa mahali pengine angemwelewa. Angeniita nikae ukingoni mwa kitanda nimsomee, na angeona amenitendea wema. Mzee alijua kwamba wema wa namna hiyo ungetufuta sote wawili. Lakini alichoniomba kilikuwa kuvunja sheria yangu mbele ya watu niliowahi kuwatoza faini, na nisiwaeleze sababu, kwa maana kueleza kungekuwa kumtangaza mzee kama mtu aliyekuwa akimsikiliza mke wa mwanawe kwa kificho. Nililiwaza siku nzima. Nilimwaza mama wa mbegu. Niliwaza pia kwamba nikikataa, kitakuwa kimya cha pili kati yetu, na hicho kitakuwa changu.

Jumatano, tarehe 14 Juni, nilirekodi. Nilianza kwa kusema: "Leo nauvunja mpaka nilioupima mwenyewe. Sababu sitaitoa." Kisha nikasimulia. Binti anasikia sauti ya baba, na baba hasemi jambo lolote kubwa. Anasema mvua imechelewa. Anasema bati la upande wa jikoni linavuja na bado hajalipandia. Anamuuliza kama huko aliko kuna baridi, na kama amekula. Kisha sauti inakwisha. Wanaomngoja nje wanamweleza kwamba hakuna tena wa kupokea jibu, na binti anasema anajua. Anarudi ndani, anafunga mlango, anajibu. Anasema amekula. Hapo ndipo kitabu kinapoishia. Nilisimulia polepole, kama nilivyokuwa nikimsimulia mume wangu akiwa chini ya gari, na nilipofika neno la mwisho sikuongeza uhakiki wowote.

Kundi lilinijia juu kabla ya jioni. Mwalimu mstaafu alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka mitatu. "Mama mhakiki," aliandika, "faini ya mtunga sheria ni vitabu vingapi?" Nikamjibu viwili, na nilivitafuta. Wengine walicheka, wengine wakauliza kama naumwa. Muuguzi alikirudisha kitabu kwa basi, hajakifungua. Mama wa mbegu alijitoa. Nilikwenda Mbalizi baadaye kununua mbegu za mchicha nisizozihitaji, akanihudumia vizuri, akaniita dada, na kundini hajarudi mpaka leo.

Mzee alifariki Jumamosi, tarehe 17 Juni, alfajiri. Tulimzika Jumatatu. Ukungu wa Rungwe wa mwezi huo ulikuwa mzito, na waliobeba jeneza walipotea machoni mwetu kabla hawajafika kaburini. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na wake wenzangu wa ukoo, upande wa migomba, mahali petu. Walipoanza kuaga mwili, mzee mmoja wa ukoo alituma neno kwamba wakwe wa kike wanaoishi mjini, kama wanataka, wapite wamtazame, siku hizi hakuna neno. Wawili walikwenda. Mimi nilibaki nilipo. Alikuwa amejisitiri kwangu mpaka Jumatano ile, na sikuona kwa nini nimvizie sasa ambapo hawezi kukohoa.

Baada ya maziko nilimsaidia wifi kuosha masufuria. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, akisugua.

Alisema Jumatano mchana alimwekea simu karibu na mto. Mzee alitaka kukohoa mara mbili kama kawaida, nguvu zikatosha moja. Akasubiri, safari hiyo kwa muda mrefu zaidi, wifi akadhani amelala. Kisha akasema: "Hajakimbia." Alisikiliza mpaka mwisho, akaagiza pale binti anapojibu parudiwe, pakarudiwa.

"Halafu akasema, 'Mwambie...'"

Wifi aliacha kusugua.

"Mwambie nini?"

"Akakatiza hapo, akasema, 'Hapana. Usimwambie kitu.'"

Nikamuuliza aliyasema vipi. Kwa hasira? Kwa uchovu? Wifi aliinua sufuria, akamwaga maji, akafikiri kwa uaminifu.

"Alisema tu, wifi."

Nimesoma vitabu vingi tangu nilipojifunza kuvisoma sawasawa, na nimewaeleza watu maana ya sentensi za waandishi ambao sitawaona kamwe. Sentensi ile ya mzee nimeirudia kuliko zote. Siku nyingine naiona kama ukuta wa mwaka 2017, haujabomoka hata tofali moja. Siku nyingine naiona kama njia ambayo mtu mmoja anasimama kando ili mwenzake apite. Wifi pia ametoa maoni yake: kwamba mzee alichoka tu. Huenda yeye ndiye msomaji bora kati yetu.

Nyumba ya Ilomba bado ni yangu. Hakuna aliyeitaja tena.

Jumapili, tarehe 25 Juni, nilirudi kuhakiki, riwaya ya kihistoria, nzuri, yenye mavuno katika mwezi wake. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi na sikuanza. Niliacha pawe kimya kidogo, kiasi cha mtu kukohoa mara mbili na kungoja, ndipo nikasalimu wasomaji. Nimefanya hivyo kila Jumapili tangu wakati huo. Mwalimu wa Iringa hulalamika kwamba mwanzo wa jumbe zangu hausikiki, ananishauri ninunue simu nyingine, na wengine husema ni mtandao wa Mbeya. Sijawasahihisha.